Saladi ya tuta na saladi ya maji: namna ya kuzilinganisha bila kujidanganya, Nyanda za Juu Kusini

Mpishi wa hoteli Mbeya mjini akipokea saladi hufanya mambo matatu. Hufunua majani ya katikati kutafuta mchanga, huvunja jani moja asikie mlio wake, kisha hutafuna kipande cha shina aone kama ni chungu. Hamuulizi mkulima kama mizizi ilikuwa kwenye udongo au kwenye maji. Shambani ndiko ubishi uliko: muuza vifaa vya haidroponiki (kilimo cha kwenye maji bila udongo) anasema saladi ya maji haina mpinzani, na mwenye matuta Uyole anasema hiyo ni maji matupu yaliyovaa kijani. Kila mmoja huenda anasema kweli kuhusu saladi aliyoiona. Ila mara nyingi hawalinganishi udongo na maji. Wanalinganisha paa na kukosa paa.

Saladi ya maji karibu siku zote hukua chini ya nailoni, na ya udongo hukua nje, inanyeshewa, inarukiwa na tope, inapigwa na mvua ya mawe. Ukizipeleka mezani hivyo, sifa nyingi unazoipa haidroponiki ni za nailoni iliyo juu yake. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kukuza mbegu moja kwa njia zote mbili, kwa vipimo vinavyoeleweka, ili ujue kila kitu kimeleta nini kabla hujatoa hela kubwa.

Mpango wa eneo

Unahitaji sehemu tatu, kila moja miche 72:

- Dimbwi la maji lenye virutubisho, chini ya paa.
- Tuta la udongo chini ya paa hilo hilo.
- Tuta la udongo nje, hatua chache kutoka hapo.

Tuta la chini ya paa ndilo watu huliruka, na ndilo linalotenganisha kazi ya paa na kazi ya mizizi. Bila hilo, usihangaike kupima.

Paa la mita 4.5 kwa 6 linatosha dimbwi, tuta na njia za sentimita 60. Simamisha nguzo za mita 2.5, funika juu kwa nailoni ya kitalu nyumba yenye unene wa maikroni 200, na uache pande wazi au uweke neti tu. Pande zikizibwa, unyevu unabaki ndani na saladi itaungua kingo, jambo tutakalolirudia. Chagua mahali penye jua lisilopungua saa sita kwa siku.

Kuhusu msimu: miji ya Mbeya na Iringa iko kwenye mwinuko wa mita 1,600 hadi 1,700 hivi, na saladi hupenda joto la nyuzi 15 hadi 22. Hali hiyo tunayo bure, wakati mkulima wa Kyela au wa Usangu angeilipia. Fanya jaribio mara mbili. La kwanza sia mbegu Julai mwishoni ili uvune kiangazi. La pili sia Desemba ili uvune mvua zikiwa zimekolea. Majibu hayatafanana, na anayekupa jibu moja la mwaka mzima hajalima hapa. Njombe na Makete epuka kuhamishia miche nje Juni na Julai, kwa sababu ya barafu ya alfajiri.

Miche: sehemu zote tatu zinywe maziwa ya mama mmoja

Chukua aina ya majani, kama Lollo Rossa au Grand Rapids. Great Lakes, inayofunga kichwa, hukaa muda mrefu zaidi na huficha kasoro ndani, hivyo iache kwa jaribio la baadaye. Gramu moja ya mbegu huwa na mbegu 800 au zaidi, kwa hiyo pakiti ndogo inatosha. Sia 300 upate 216 zilizolingana.

Udongo wa kitalu usitumie, kwa sababu utachafua dimbwi. Tumia maganda ya mpunga yaliyochomwa nusu. Mbarali na Kyela kwenye mashine za kukoboa yamejaa marundo. Toboa debe matundu pande zote, ligeuze mdomo chini juu ya moto mdogo, rundika maganda kulizunguka, na geuza kwa koleo kadiri weusi unavyopanda. Mwagia maji mara rundo linapokuwa jeusi lote. Ukichelewa hadi rangi ya kijivu, hayo ni majivu, na majivu hupandisha pH (kipimo cha uchachu: ikipanda, uchachu umepungua) hadi miche inageuka njano. Suuza mara mbili au tatu, kisha changanya sehemu mbili za maganda hayo na sehemu moja ya unga wa makumbi ya nazi.

Jaza trei, weka mbegu moja kila tundu, funika milimita 3 tu. Mbegu ya saladi huota vizuri ikipata mwanga, na ukiifukia kama maharage itaoza. Weka trei penye ubaridi. Joto likizidi nyuzi 27 hivi mbegu nyingi hulala na haziamki. Nyunyiza maji matupu hadi jani la kwanza la kweli litokee, halafu tumia mchanganyiko wa virutubisho ulio nusu nguvu. Miche ikianguka na shina kunywea usawa wa udongo, hicho ni kinyausi: umemwagilia mno, au trei haina hewa. Punguza maji, mwagilia asubuhi tu.

Baada ya wiki tatu hadi nne, miche ikiwa na majani manne au matano, ichanganye kisha igawe kwa kura kwenye sehemu tatu. Mkono wa mkulima huchagua miche minene bila mwenyewe kujua, na kwa kawaida huipeleka kwenye mradi anaoupenda.

Dimbwi

Vifaa: mbao za inchi 1 kwa 10, misumari, nailoni nyeusi ya geji 1000, shiti moja ya stairofomu ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa inchi 1 au 2, vikombe vya matundu vya sentimita 5, pampu ndogo ya hewa ya tangi la samaki yenye vijiwe vinne vya kutoa mapovu, kipima pH na kipima EC (wingi wa virutubisho vilivyoyeyuka majini, kwa mS/cm). Hivyo viwili vya mwisho usiviruke. Bila EC unapika gizani.

Sawazisha ardhi kwa pimamaji. Tofauti ya sentimita 1 kutoka mwanzo hadi mwisho inavumilika. Ikizidi, upande mmoja mizizi itaning'inia hewani na mwingine itazama. Tandaza mchanga sentimita 2, piga fremu ambayo ndani ina upana na urefu unaozidi shiti kwa sentimita 1 kila upande, kisha laza nailoni mara mbili. Kunja pembe kama bahasha, usizikate, na pigilia nailoni juu ya mbao, kamwe si ndani ya usawa wa maji. Jaza maji kwa kina cha sentimita 19. Dimbwi hilo linabeba karibu lita 580, yaani lita 8 kwa kila mche.

Toboa shiti matundu 72: safu 6 kwa 12, umbali wa sentimita 20 kila upande. Tundu liwe dogo kidogo kuliko mdomo wa kikombe ili kikombe kisizame. Tumia msumeno wa duara wa kutobolea mlango tundu la kitasa. Kuchoma kwa bomba la moto kunawezekana, lakini moshi wake ni sumu, fanya nje na simama upepo unakotoka. Popote maji yanapopigwa na mwanga funika. Mwani hauui saladi, ila hula virutubisho na kuvutia vijinzi ambavyo mabuu yao hutafuna mizizi.

Hewa ndiyo roho ya dimbwi. Wiki mbili za kwanza acha shiti lielee, pampu ikiwaka. Kisha egemeza shiti kwenye vipande vya matofali ili maji yanaposhuka ibaki nafasi ya sentimita 3 hadi 5 kati ya shiti na maji. Mizizi ya juu huota vinywele vya kuvuta hewa, na umeme ukikatika usiku mzima mmea haufi. Mfumo huu wa nafasi ya hewa ulienezwa na mtafiti Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, na unaweza kuutumia hata bila pampu kabisa. Kosa la kawaida ni kuona maji yameshuka na kujaza hadi juu kwa huruma. Vinywele vile vilishazoea hewa, hivyo vinazama, na kesho yake saladi imelegea huku imekaa majini. Ukijaza, usipite nusu ya nafasi hiyo.

Kupika virutubisho

Tengeneza ndoo mbili za lita 10, A na B. Kila ndoo inatosha kutengeneza lita 1,000 za mchanganyiko.

Ndoo A: kalsiamu naitreti gramu 700, na madini ya chuma ya aina ya EDDHA yenye asilimia 6, gramu 33.

Ndoo B: potasiamu naitreti gramu 400, magnesiamu salfeti gramu 400, MKP (mbolea ya potasiamu na fosfeti) gramu 170, asidi ya boriki gramu 2, manganizi salfeti gramu 2, zinki salfeti nusu gramu, shaba salfeti gramu 0.2, na sodiamu molibdeti gramu 0.1. Hizo ndogo zinahitaji mizani ya sonara. Kama huna, nunua mchanganyiko wa madini madogo uliofungashwa na ufuate karatasi yake.

Yeyusha kila kitu kwa maji ya uvuguvugu, kimoja baada ya kingine. Ndoo hizi hazikutani zikiwa nzito: kalsiamu ikikutana na salfeti au fosfeti kwenye maji machache inaganda kuwa unga mweupe unaokaa chini, na mmea hauwezi kuula. Ukiona chokaa chini ya ndoo, umekosea mahali, tupa uanze upya.

Kwenye dimbwi: maji kwanza, kisha lita 5.8 za A, koroga, kisha lita 5.8 za B, koroga tena. Kwa miche ya kwenye trei tumia mililita 5 za kila ndoo kwa lita ya maji. EC ya dimbwi itasoma karibu 1.7, ukiongeza ile ya maji yenyewe. Maji ya mvua na ya chemchemi nyingi za Rungwe huwa mepesi, yaani EC yake ni ndogo. Kisima kinachosoma EC ya 0.6 kabla hujaweka kitu kitakufanya upunguze A na B ili jumla isizidi 1.8.

Mwisho pima pH. Inatakiwa 5.5 hadi 6.3. Ikiwa juu, changanya mililita 10 za asidi ya fosforiki kwenye lita 1 ya maji (asidi ndani ya maji, si maji ndani ya asidi), mimina robo lita, koroga, subiri dakika kumi, pima. Ndimu na siki hushusha pH leo, na kesho kutwa imerudi, maana vijidudu vimeila. Maji ya betri iliyotumika yana risasi, hayagusi chakula.

Kuna anayeuliza kwa nini asitumie urea, DAP na CAN za duka la jirani. Urea majini inahitaji bakteria kuibadilisha kabla mmea haujaifaidi vya kutosha, DAP inagombana na kalsiamu, na chembe za CAN zina vumbi la chokaa linaloharibu pH. Zote ni mbolea nzuri, lakini kazi yake ni tutani.

Kila asubuhi pima na uandike. Maji yakishuka na EC ikapanda, mimea inakunywa zaidi ya inavyokula, jazia maji matupu. EC ikishuka, jazia kwa mchanganyiko. pH kupanda taratibu ni kawaida, kwa sababu mmea ukivuta naitreti huacha maji yakiwa na ualikali. Maji ya dimbwi yasizidi nyuzi 24 au 25. Juu ya hapo oksijeni hupungua na ugonjwa wa kuoza mizizi unapata nafasi. Kwetu shida huwa kinyume: Juni na Julai maji hupoa sana usiku, mmea unashindwa kuvuta fosforasi na majani ya chini yanapata zambarau. Usiongeze mbolea, subiri jua.

Matuta mawili

Hapa msomaji wa Nyanda za Juu ana uzoefu, kwa hiyo kwa ufupi. Kila tuta upana mita 1.2, urefu mita 4.5, kimo sentimita 15 hadi 20. Mistari 4, miche 18 kila mstari, nafasi sentimita 25.

Peleka sampuli ya udongo maabara kabla ya kuanza. TARI Uyole, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, wapo karibu kwa watu wa Mbeya. pH ya saladi tutani ni 6.0 hadi 6.8. Udongo mwekundu wa Mufindi na sehemu za Iringa mara nyingi una uchachu, na chokaa ya kilimo iwekwe mwezi mmoja kabla kwa kiwango cha maabara. Udongo wa majivu ya volkano wa Rungwe na Mbeya una tabia yake: huishika fosforasi na kuinyima mizizi. Kwa hiyo usirushe DAP tuta zima. Fukia gramu 80 kwenye mifereji minne midogo, kina cha sentimita 8, kando kidogo ya mstari wa miche.

Samadi iliyooza vizuri, kilo 3 kwa mita ya mraba, yaani kilo 16 hivi kwa tuta. Kuhusu kuoza hatutanii. Saladi haipikwi. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusana na udongo, ambazo ni nyingi kuliko maisha yote ya saladi. Maana yake samadi mbichi haina nafasi kabisa kwenye tuta hili. Vivyo hivyo maji ya mfereji uliopita katikati ya mji.

Mwagilia lita 25 hadi 30 kwa siku kwa tuta kiangazi, asubuhi, kwenye shina, na utandaze nyasi kavu. Kukuzia ni CAN gramu 80 kwa tuta siku ya 10 baada ya kuhamisha, na gramu 80 siku ya 24. Baada ya hapo acha. Mkulima anayerushia CAN wiki ya kuvuna ili jani ling'ae anauza naitreti.

Kuungua kingo, na mengine

Ukifunua saladi ya dimbwi na kukuta majani madogo ya ndani yana ukingo wa kahawia kama karatasi iliyopitishwa mshumaani, usikimbilie kuongeza kalsiamu. Mara nyingi kalsiamu ipo tele majini, isipokuwa haifiki. Husafiri na maji yanayovutwa na jani linapopumua, na majani ya ndani, yaliyojikunja kwenye hewa tulivu yenye unyevu, hayapumui. Mmea unaokua kasi unazidi kuyasahau. Ndiyo maana kasoro hii hulipata dimbwi zaidi ya tuta, na tuta la ndani zaidi ya la nje: ni bei ya kukua haraka. Dawa yake ni upepo. Fungua pande, ongeza nafasi, shusha EC hadi 1.2 au 1.3 siku kumi za mwisho. Kupulizia kalsiamu husaidia ikiwa tu matone yanafika moyoni kabla haujafunga.

Uchungu hutoka kwenye utomvu mweupe, na huongezeka mmea unapozeeka, unapopata kiu, au unapojiandaa kutoa maua. Oktoba na Novemba, jua likiwa kali kabla ya mvua, tuta lililokosa maji siku mbili huwa chungu kuliko dimbwi. Hapo hulinganishi mifumo, unalinganisha uvivu wa kumwagilia.

Mizizi ya dimbwi inatakiwa kuwa myeupe. Ikiwa ya kahawia, inateleza na kunuka, toa mmea huo mara moja, ongeza hewa, punguza joto la maji. Dimbwi ni bwawa la jirani wote: ugonjwa ukiingia, mimea 72 inakunywa kikombe kimoja. Tutani sota (viwavi wakata miche) hukata mche mmoja mmoja na unaweza kuwakamata usiku kwa tochi. Vidukari hupenda pande zote mbili, hujificha chini ya jani, na chini ya paa hawaoshwi na mvua. Msimu wa mvua tuta la nje ndilo hupata ubwiri unyoya: madoa ya njano juu, unga mweupe chini. Majani yakilowa jioni na kulala hivyo, umeualika.

Kuvuna na kupima

Usivune siku moja. Dimbwi hufika siku 30 hadi 40 baada ya kuhamisha. Tuta mara nyingi 45 hadi 60. Ukivuna siku moja, unalinganisha mtu mzima na mtoto. Vuna kila sehemu inapofikisha wastani wa gramu 180, ukipima mimea mitano. Muda uwe ule ule, saa 12 hadi saa 1 asubuhi, jani likiwa limejaa maji. Chukua mimea 12 kutoka katikati, acha ya pembeni.

Uzito na taka. Pima mmea mzima, toa majani mabovu, pima tena. Tofauti hiyo ndiyo hasara ambayo mpishi hulipia bila kusema.

Maji yaliyomo. Katakata gramu 100, kausha kwenye oveni ya moto mdogo au kikaushio cha jua hadi uzito usishuke tena. Saladi kwa kawaida ni maji asilimia 94 hadi 96, kwa hiyo utabaki na gramu 4 hadi 6. Mara nyingi ya tutani huacha kidogo zaidi. Yule wa Uyole ana hoja hapa, ila ni gramu moja hivi katika mia, si maji matupu.

Mchanga. Osha mimea mitatu kwenye beseni jeupe, acha itulie dakika tano, chuja kwa kitambaa cheupe. Weka vitambaa vitatu juani pamoja. Hakuna kipimo kinachomaliza ubishi haraka kama hiki, hasa Januari.

Ukaaji. Mimea mitatu kila sehemu, mfuko wenye vitundu, juu ya meza, pima kila asubuhi. Ikipoteza karibu asilimia 5 ya uzito imeshanyauka machoni pa mnunuzi. Kutoka dimbwini jaribu pia mitatu yenye mizizi iliyofungwa na kitambaa kibichi. Mara nyingi ndiyo inayodumu, na tutani huwezi kuifanya bila kubeba udongo.

Ladha. Walaji 12, macho yafungwe au majani yakatwe sawa. Mpe kila mmoja sahani tatu, mbili za sehemu moja na moja ya nyingine, aseme ipi ni ngeni. Kwa kubahatisha, wanne watapata. Wakipata 8 au zaidi, tofauti ipo kweli. Wakipungua hapo, tofauti unayoisikia huenda iko kwenye jina. Linganisha kwanza dimbwi na tuta la ndani.

Naitreti. Kamua majani, punguza juisi mara hamsini kwa maji safi, chovya karatasi ya kupimia naitreti ya maji ya samaki, zidisha kwa hamsini. Ni makadirio, lakini yanatosha kulinganisha. Umoja wa Ulaya unaruhusu saladi ya majani iliyolimwa chini ya paa miligramu 4,000 kwa kilo ikivunwa Aprili hadi Septemba, na 5,000 miezi mingine; ya nje 3,000 na 4,000. Miezi ya giza imepewa nafasi zaidi kwa sababu mmea unahitaji mwanga kuibadilisha naitreti kuwa protini. Kwetu mawingu mazito ya Januari hufanya kazi hiyo hiyo. Dimbwi likisoma juu, siku mbili au tatu za mwisho ondoa mchanganyiko, jaza maji matupu, na mmea utatumia akiba yake. Tutani huna bomba la kufungua, umebaki na kuacha CAN mapema.

Kuamua

Kiangazi, tuta la nje lenye matandazo na maji ya uhakika hutoa jani gumu kidogo, lenye mlio, na kwa soko la Mwanjelwa halihitaji paa wala pampu. Dimbwi linakushinda kwa siku ulizookoa, si kwa ladha. Msimu wa mvua mambo hugeuka, lakini angalia vizuri tuta la ndani: kama limekaribia dimbwi kwenye usafi na taka, unachohitaji ni nailoni na nguzo, na hela ya dimbwi ibaki mfukoni.

Dimbwi lina faida moja tuta haliifikii: maji. Andika lita ulizojazia, gawanya kwa kilo ulizovuna. Utafiti uliofanywa kwa makadirio ya Arizona, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2015, ulipata lita 20 kwa kilo kwenye haidroponiki dhidi ya 250 shambani, mavuno mara 11 kwa eneo, lakini nishati mara 82. Nishati hiyo ililiwa zaidi na kupoza na kupasha joto kitalu, kazi ambayo hewa ya Mbeya inatufanyia. Ukiwa na mteja anayetaka saladi 70 kila Jumanne mwaka mzima, na kisima kinachokauka Septemba, dimbwi linaanza kuwa na hoja.

Ukimaliza kuvuna, toa mizizi yote kwa mkono, sugua nailoni kwa dawa ya klorini iliyopunguzwa, iache saa moja, suuza mara mbili. Maji ya zamani usiyaelekeze mtoni. Bado yana mbolea. Yamwage kwenye migomba.